Etna Rosso: rangi nyepesi si dalili ya mvinyo mbovu

Ndugu uliyeuliza kama Etna Rosso uliyonunua, yaani mvinyo mwekundu wa mlima wa volkano wa Etna kisiwani Sicilia, imechakachuliwa, kwa kuwa rangi yake ni nyepesi na ilikukausha ulimi, naomba nikujibu kwa kirefu, maana nimeishi mji wa Catania, chini ya mlima huo, na mvinyo huu naupenda kuliko mwingine wowote wa Italia.

Etna Rosso hutengenezwa hasa kwa aina mbili za zabibu nyeusi za Sicilia. Nerello Mascalese, ambayo kisheria haipungui asilimia 80, ina rangi haba lakini ina uchachu wa kutosha na ukakasi, yaani ule ukavu uliousikia ulimini. Nerello Cappuccio, inayoruhusiwa hadi asilimia 20, huongeza rangi na kuulainisha mchanganyiko. Kwa hiyo wepesi wa rangi na ukavu ulioushuku ndio asili yake.

Mizabibu mingi hupandwa kati ya mita 400 na 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe meusi ya lava, na kwa sababu ya baridi ya usiku zabibu huiva polepole kiasi kwamba mara nyingi huvunwa Oktoba, wakati mashamba mengi ya Sicilia yameshamaliza. Udongo wake wa kichanga uliwazuia wadudu wa filoksera walioteketeza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, na ndiyo maana ipo mizabibu yenye umri wa zaidi ya miaka 100 inayosimama kwenye mizizi yake yenyewe, bila kupandikizwa kwenye mizizi ya mizabibu mingine inayostahimili wadudu hao.

Chupa za upande wa kaskazini, kuzunguka Randazzo na Castiglione di Sicilia, ndizo zilizonivutia zaidi. Inamisha glasi juu ya gazeti, utasoma herufi kupitia mvinyo. Kwanza hunukia cheri chachu na ganda la chungwa, kisha majani makavu, na nyuma yake moshi hafifu. Wapo wanaosema moshi huo ni ladha ya lava. Mimi siamini kwamba jiwe hupanda mzizini likafika kwenye glasi, na sifa hiyo naipa zaidi ile baridi ya mlimani.

Safari nyingine ipoze hadi nyuzi 16 hivi, uifungue saa moja kabla, na uinywe pamoja na nyama ya mbuzi au kondoo ya kuchoma, kwani mafuta na protini hutuliza ukakasi. Mvinyo ulioharibika hunuka siki au kadibodi iliyolowa. Kama hukusikia harufu hizo, chupa yako ni nzima.