Kaktasi ya duara haitoi maua Dodoma: ifungie maji wakati wa kipupwe

Mkuu, umeuliza kwa nini kaktasi yako ya duara, uliyoinunua kitaluni ikiwa na maua, imekaa barazani Nzuguni miaka miwili bila ua hata moja, na unaimwagilia kila baada ya siku mbili. Tatizo ni hayo maji. Nazipanda hapa hapa Dodoma, na naamini kwa mmea huu mji wetu ni mzuri sana.

Kwa ulivyoieleza, vinundu vyenye miiba vilivyojipanga kuzunguka, hiyo ni Mammillaria, asili yake kubwa ni Meksiko. Kwao kuna msimu wa mvua, halafu ukame wenye baridi, na ukame huo ndio unaoiandaa kuchanua. Sisi tunao bure: mvua zikikatika Aprili au Mei, mpaka Novemba au Desemba ndipo zirudi, na baridi ya usiku ya Juni na Julai unaijua mwenyewe. Basi ikifika Juni, funga maji. Itasinyaa kidogo, usiionee huruma.

Mwishoni mwa Agosti mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha uache udongo ukauke hadi ndani. Mimi huchomeka kijiti cha mshikaki, na kikitoka na udongo umekishika, naahirisha. Baada ya hapo chungulia karibu na utosi wake, katikati ya vinundu. Vitumba huanza vikiwa vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, vimefuatana duara, na huchomoza kwenye sehemu iliyokua msimu uliopita. Ndiyo maana mmea uliodumaa mwaka huu hautakupa maua mengi mwakani.

Barazani pia itoe, kivuli hakileti maua. Ila ihamishe polepole, kwanza ipate jua la asubuhi tu. Oktoba jua la Dodoma linapita utosini kabisa, na ngozi iliyozoea kivuli huungua ikabaki na baka lisilofutika. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mimi naziwekea neti ya kivuli.

Udongo wetu mwekundu peke yake hushikamana ukilowa. Changanya sehemu mbili za mchanga mnene wa korongoni, uliooshwa vizuri, na sehemu moja ya udongo wenye mboji iliyooza. Chungu kiwe cha udongo, chenye tundu. Samadi mbichi sikushauri hata kidogo. Mvua za Januari zikikolea, isogeze chini ya paa panapopita hewa.

Kabla ya yote, leo hii bonyeza kitako chake kwa kidole. Kikiwa kigumu, endelea kama nilivyosema. Kikibonyea, kata juu ya palipooza mpaka uone nyama safi, anika kipande kivulini wiki nzima au zaidi hadi kidonda kikauke, ndipo ukipande kwenye mchanga mkavu. Weka picha ya hicho kitako hapa tukione.