Mzee wa Lamu "anafua" fedha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Likizo iliyopita tulikwenda Lamu, tukaingia kwa mzee mmoja anayetengeneza pete na vikuku. Akasema yeye ni mfua fedha. Binti yangu akaniuliza kama mzee huyo huosha noti. Je, si afadhali kumwita sonara? (Mama wa Malindi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee amesema Kiswahili safi kabisa.

Kiini cha kufua ni kupiga. Nguo zilipigizwa jiweni ndipo zikatakata. Nazi hukitwa kwenye kifuo ili itoke makumbi. Mhunzi hugonga chuma juu ya fuawe. Kote huko ni kufua. Sabuni imekuja baadaye, ikatufanya tusahau kishindo.

Nayo fedha, neno tulilopewa na Waarabu, ni madini kwanza. Pwani yetu ilitumia riale za Maria Theresa, yaani sarafu za fedha zenye sura ya malkia huyo wa Austria, zilizoandikwa mwaka 1780 hata zilipochapwa miaka mingi baadaye. Kila moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na nyingi ya hizo ni fedha halisi. Mafundi waliziyeyusha wakafua mapambo. Pesa ya jana ikawa kikuku cha bibi harusi! Ndiyo maana neno moja limebeba maana mbili. Sikiliza upatanisho: "fedha hii ni safi" ni madini, "fedha zimekwisha" ni za matumizi. Anayesafisha pesa haramu, huyo anatakatisha, hafui.

Sonara pia ni sahihi. Limetoka India, ambako sona ni dhahabu, lakini sisi tumelipanua likamchukua na fundi wa fedha. Mimi napenda zaidi mfua fedha, kwa sababu ndani yake nasikia nyundo.

Ila ukiona pambo la nyuzi nyembamba zilizojikunja kama maua, vitenzi huongezeka. Fundi hufua fedha iwe kijiti, kisha huivuta katika matundu ya chamburo, kutoka tundu pana hadi jembamba, mpaka iwe uzi. Nyuzi mbili huzisokota pamoja, huzikunja, halafu huzilehemu. Usiseme "anashona fedha", kama nilivyowahi kusoma mahali.

Na hilo chamburo, tafadhali mfundishe binti yako. Ni bamba la chuma lenye matundu tu, lakini siku hizi nalisikia kwa nadra mno, na linaniuma.