Katoka mahabusu anakohoa, anasema ni kawaida

SWALI: Dokta shikamoo. Mdogo wangu katoka mahabusu wiki iliyopita, alikaa miezi 8 kesi inapigwa kalenda tu mpaka ikafutwa. Sasa anakohoa usiku kucha na kakonda, nikimwambia twende hospitali anasema kule ndani kila mtu anakohoa, kawaida. Halafu nimesikia jela nayo ni suala la afya ya umma, si mambo ya polisi na mahakama hayo? Nyie wa afya mnaingiaje?
Dada Mtu

JIBU: Marahaba dada. Kikohozi kwanza. Kampimeni TB kesho, msingoje wiki iishe, na wote mnaolala naye chumba kimoja mkapimwe pia. Hiyo "kawaida" yake ndiyo jibu la swali lako la pili. Chukua selo ya watu 20 weka watu 60, kidirisha kimoja juu kabisa, mmoja akikohoa wote wanavuta hewa ileile, ndo maana TB magerezani inakadiriwa kuwa kama mara 10 ya uraiani. Na haifungiwi na kufuli, askari magereza anarudi kwake kila jioni na mahabusu siku moja anaachiwa, kama huyo wako.

Dawa ndani peke yake hazitoshi. Dozi ya kawaida ni miezi 6, mtu kaanza vizuri, ghafla kahamishwa gereza au kaachiwa bila karatasi yoyote, dozi imekatika, hapo ndo unatengeneza TB sugu. Kwa hiyo mimi nasema tiba mojawapo ni kupunguza wanaoingia, maana duniani karibu theluthi moja ya walioko magerezani hawajahukumiwa, wanasubiri tu kama alivyosubiri mdogo wako. Malawi tangu 2000 wapo wasaidizi wa kisheria wanaoingia magerezani, wanafundisha mahabusu kuomba dhamana na kufuatilia mafaili yaliyosahaulika (na yanasahaulika kweli, mtu yupo faili halipo). Seattle kule Marekani walianza 2011, polisi akimkamata mtu na kidogo cha dawa za kulevya anaweza kumkabidhi kwa mhudumu wa jamii badala ya kumpeleka selo.

Mkifika hospitali msione aibu, semeni katoka mahabusu na kule selo walikuwa wanalala wangapi. Muulize pia kama kuna dawa alishaanzishwa akaziacha. Na leo usiku madirisha wazi.