Primeri ni bure, lakini uliza mwalimu analipwa na nani

Mama, umeuliza kwa nini direkta wa shule ya umma huko Katuba, Lubumbashi (Kongo-Kinshasa), anadai pesa ya mtoto wa darasa la nne, na huyu mkubwa anayeingia la saba naye anadaiwa, wakati serikali ilisema masomo ni bure.

Huyu wa la saba analipa kweli. Katiba ya 2006, ibara ya 43, imefanya primeri (shule ya msingi) kuwa ya lazima na ya bure katika shule za umma, na utekelezaji ulianza Septemba 2019. Shule za umma ni pamoja na zile za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu zenye mkataba na serikali. Ila bure inaishia la sita, mwisho wa primeri. Kuanzia la saba, pesa inapangwa kwa arete (amri ya maandishi) ya gavana kila mwaka wa masomo: mwombe prefe (mkuu wa sekondari) nakala, usome mstari kwa mstari, na kisichoandikwa humo usikilipe.

Wa la nne ndiye mwenye shida kubwa. Kwa primeri serikali inaleta mshahara wa walimu na pesa ya kuendesha shule. Mshahara hautazami wingi wa watoto, unatazama matrikule ya mwalimu, yaani namba yake ya kazi serikalini. Shule hupata kwanza arete ya kufunguliwa, kisha walimu huandikishwa kwenye idara ya mishahara (SECOPE ya zamani, leo DINACOPE), kisha majina yao yaingie kwenye bajeti. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayokwama. Mwalimu ana namba, anafundisha kila asubuhi, lakini hana mshahara: ndio hao tunaowaita non payés (wasiolipwa), na ni dhuluma kubwa kwao. Hapo ndipo ile prime (nyongeza ya mshahara wa mwalimu) waliyobeba wazazi tangu miaka ya 1990 inarudi kwa jina jipya: fotokopi, sentinele (mlinzi), karatasi za mtihani.

Kwa hiyo, kwenye mkutano wa kamati ya wazazi (COPA) uliza hadharani: walimu wangapi wako kwenye listi ya malipo, na wangapi hawapo? Shule yenye madarasa kumi na mbili na walimu saba wanaolipwa, utajua mara moja presha inatoka wapi. Lakini hata hapo, deni hilo ni la serikali, si la mtoto. Yunifomu na madaftari, hayo bado ni juu yako.

Ukidaiwa, dai risiti yenye muhuri wa shule, tarehe na sababu ya malipo. Anayekataa kuiandika anajua kwa nini. Peleka nakala kwenye sous-division (ofisi ya elimu ya eneo lenu), na kama shule ni ya kanisa, kwenye koordinasio yake pia (ofisi ya kanisa inayosimamia shule zake). Nenda na wazazi wengine wawili watatu, maana mzazi mmoja huzungushwa. Barua iwe na nakala, nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa. Mtoto akifukuzwa darasani, andika siku hiyo hiyo tarehe, darasa na jina la aliyemtoa, uviweke ndani ya barua.