Jibu: Mahindi yangu ya kuchemsha yanatoka magumu, nifanyeje?

Ndugu, umesema unachemsha mahindi muda mrefu na bado yanatoka magumu. Mara nyingi shida haiko kwenye sufuria, iko kwenye hindi lenyewe. Bonyeza punje moja kwa ukucha: ikitoa maji meupe kama maziwa, hindi bado ni changa. Isipotoa kitu limeshakomaa, na hilo litakudai moto mwingi. Ukiweza, pika siku ileile yalipovunjwa, kwa sababu sukari yake huanza kugeuka wanga mara tu yakitoka shambani.

Mahindi matamu machanga yanatosha dakika 5 hadi 7 tu kwenye maji yanayotokota.

Ila mimi ni mtu wa kuchoma. Subiri makaa yatulie, ndimi za moto ziishe, kisha geuzageuza hadi punje zipate madoa ya kahawia na zianze kupasuka. Kata ndimu, chovya kwenye chumvi na pilipili ya unga, lisugue hindi lote lingali la moto. Siagi nayo ni tamu sana, hasa kwa ya kuchemsha.

Huna makaa? Oveni nyuzi 200, nusu saa, na maganda yake. Ndevu zitatoka kirahisi ukimenya.