Salamu kwanza, kompyuta baadaye

Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji kama hoteli za Dar es Salaam zinaweza kuweka mitambo ya kisasa mapokezi bila kuupoteza ukarimu ambao mgeni anautarajia kwetu. Huu ni mwaka wangu wa 11 nikihudumu mapokezi katika hoteli ya wastani iliyopo Upanga. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba mtambo upewe kazi zile zinazomwinamisha mhudumu kichwa, na dakika zinazookolewa apewe mgeni, zisigeuzwe kuwa sababu ya kupunguza watu.

Nasema hivyo kwa sababu si kompyuta iliyoanza kutunyang'anya macho. Wanaokikumbuka kile kitabu kikubwa cha wageni wanajua kwamba mtu aliyetoka safari ya kutwa nzima alisimamishwa kaunta ajaze jina, kabila, kazi, anakotoka na anakokwenda, huku mimi ninanakili namba ya pasipoti na kuandika risiti kwa mkono, na mara nyingi niliikumbuka sahihi yake kuliko sura yake. Leo taarifa nyingi humtangulia mgeni, malipo huingia kwa simu, na risiti hutolewa na mashine ya EFD. Huo ni unafuu ambao sitamani kuupoteza, ila tusipoangalia, kioo cha kompyuta kitakalia mahali pale pale palipokuwa na kitabu.

Nilishuhudia jambo hilo usiku mmoja wa masika. Mama mmoja wa makamo aliingia na mjukuu wake saa nne, wametoka Mbeya kwa basi, kikapu kimefunikwa khanga iliyolowa. Kijana aliyekuwa zamu, mgeni kazini lakini mwenye adabu zake, alikuwa ametazama kioo. "Jina?" Akaandika. "Namba ya uhifadhi?" Mama hakuwa nayo. Kijana akatafuta jina tena, na tena, bila kuinua uso, maji yanadondoka sakafuni, mpaka yule mama akasema taratibu, "Mwanangu, kama hakuna nafasi niambie tu."

Nilitoka chumba cha nyuma, nilikokuwa nikihesabu fedha za makabidhiano. "Shikamoo mama. Pole na safari, karibu uketi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi, akavua viatu, na bila kuulizwa akaanza kueleza kwamba mtoto wa kaka yake ndiye aliyeshughulikia chumba, na kwamba asubuhi anatakiwa Muhimbili kwa vipimo, tena aende bila kula. Chumba kilikuwa kimeandikwa kwa jina la huyo mtoto wa kaka. Tulikipata papo hapo. Tukambadilishia, tukampa cha chini ili asipande ngazi, na kifungua kinywa chake tukakifungasha akale baada ya kutolewa damu. Hayo yote yalitokana na salamu. Mfumo ulidai jina na namba tu, haukuwa na mahali pa kumuuliza mtu amechoka kiasi gani.

Kijana simlaumu. Alifundishwa kwamba ukurasa haufunguki mpaka kila kisanduku kijazwe, na hakuna aliyemwambia kwamba visanduku vinaweza kusubiri. Siku hizi ninayemfundisha ninamwelekeza asiguse kibodi kabla mgeni hajajibu salamu, na kioo tumekisogeza pembeni ya kaunta ili kisikae kati ya nyuso mbili.

Niwe mkweli pia kwamba ukarimu si maneno mengi. Tunapokea wafanyabiashara wa kutoka Lubumbashi na Lusaka wanaofuata bidhaa Kariakoo; mtu wa namna hiyo akifika saa tisa usiku, heshima yake ni kukuta kadi ya chumba iko tayari. Kwake mtambo ndio ukarimu wenyewe. Lakini ni nani anayetambua, kwa kumtazama tu anavyoingia mlangoni, kwamba huyu anataka kadi na yule anataka kiti?

Wajapani walijaribu kwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 ilifunguliwa mkoani Nagasaki hoteli iitwayo Henn na Hotel, ambako wageni walipokelewa na roboti, lakini kufikia mwanzoni mwa mwaka 2019 zaidi ya nusu ya roboti zake zilikuwa zimeondolewa. Kulikuwa na kiroboti cha vyumbani kilichodhani mkoromo wa mgeni ni ombi, kikawa kinamwamsha. Wafanyakazi walijikuta wakihangaika na mashine badala ya kupunguziwa kazi.

Kwetu hatari ninayoiona ni nyingine. Mwenye hoteli ananunua mfumo, kisha mwezi unaofuata zamu ya usiku iliyokuwa na watu wawili inabaki na mmoja, ambaye anapokea simu, anapokea malipo, anafungua geti na kuandikisha wageni, halafu analaumiwa kwamba hatabasamu. Dakika zimeokolewa kweli, lakini mgeni hakuziona. Ningewaomba wamiliki wakeshe kaunta usiku mmoja kabla ya kuamua hivyo.

Yule mama hurudi kila baada ya miezi michache kwa ajili ya kliniki, na chumba bado huandikwa kwa jina la mtoto wa kaka yake. Katika sehemu ya maelezo ya ziada tumeandika: chumba cha chini, kifungua kinywa kifungashwe, mgeni halisi ni shangazi yake. Safari iliyopita sikuwepo, wala yule kijana hakuwepo. Alipokelewa na binti ambaye hakuwahi kumwona, naye alikuwa ameyasoma maelezo hayo mapema, akatoka nyuma ya kaunta na kumpokea kikapu mlangoni.