Kaboni iliyong'ang'ania udongo: maswali yenu kuhusu vimondo

Vimondo vinaposemwa vina misombo ogania, maana yake vilikuwa na viumbe hai?

La. Ogania ni jina la kikemia la misombo iliyojengwa juu ya kaboni, iwe imetoka kwa kiumbe au haikutoka. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kimekutwa na aina zaidi ya 70 za asidi amino, na nyingi kati yake hazimo katika protini za kiumbe chochote.

Misombo hiyo imejificha wapi ndani ya jiwe?

Jiwe kama hilo ni kipande kilichomeguka kutoka asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka Jua. Barafu iliyokuwa ndani ya asteroidi hiyo ilipokuwa changa iliyeyushwa na joto la alumini nururifu, na maji hayo yakayageuza madini makavu kama olivini kuwa udongo wa mfinyanzi, ambao tabaka zake ni nyembamba kama karatasi zilizobebana. Sehemu kubwa ya kaboni imeng'ang'ania humo, katika udongo huo laini, wala si katika punje ngumu ambazo maji hayakuzifikia. Kwa hadubini utaona weusi kama masizi, na ndani yake vipunje vya magnetaiti, madini ya chuma, vilivyorundikana kama mayai ya samaki.

Maji yalipokauka yaliacha chumvi. Katika gramu 121.6 zilizoletwa mwaka 2023 kutoka asteroidi Bennu imo trona, yaani magadi, yale yale tunayotia kwenye maharage, pamoja na asidi amino 14 kati ya 20 zinazojenga protini. Wapo wanaoona kwamba maji ya chumvi, kadiri yalivyopungua, ndiyo yaliyoikusanya misombo mahali pamoja ikaungana; binafsi naona hoja hiyo ina uzito.

Na kimondo cha Mbozi?

Hicho ni chuma na nikeli, metali iliyopitia joto la kuyeyuka, kwa hiyo usitafute udongo humo. Mtafute jirani yake, Ivuna, kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938 karibu na Ziwa Rukwa. Kilikuwa na takriban gramu 700 tu, lakini kundi zima la vimondo, CI, limechukua herufi I kutoka kwake, na sampuli za asteroidi Ryugu zinafanana nalo sana.

Ikiwa tunacho Ivuna, kwa nini watu waende hadi Ryugu?

Kwa sababu udongo ule ule ulioshika kaboni hunyonya pia unyevu wa hewa yetu, na kimondo kikishaanguka huanza kubadilika. Ndiyo maana kipande cha Ivuna kilichoko London kimehifadhiwa ndani ya nitrojeni.